Seti ya dramu iliyotumika: maswali ya wasomaji kabla ya kulipa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazungumzia jambo moja: seti ya dramu iliyokwisha kutumika, muuzaji anayetaka jibu upesi, na mnunuzi asiyejua aanzie wapi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Kwaya yetu imeonyeshwa seti ya Pearl Export yenye dramu tano, stendi na matoazi. Inang'aa, na ikipigwa ukumbini inasikika vizuri. Muuzaji ametupa muda wa saa moja Jumamosi. Tutazame nini kwanza? (Kamati ya muziki, Morogoro)

JIBU: Ombeni saa mbili, na ombeni ruhusa ya kuvua ngozi. Akikataa, acheni hiyo seti. Sehemu mbili zinazoamua thamani ya dramu hazionekani ngozi zikiwa juu: ukingo wa mbao ambao ngozi hukalia, na upande wa ndani wa mwili wa dramu. Huo mng'ao mnaousifu mara nyingi ni wa ganda la plastiki lililobandikwa nje, na ganda hilo laweza kufunika mbao iliyokwisha kuoza. Hata jina halisaidii sana. Export zilianza kuuzwa 1982, na tangu hapo mbao na vyuma vyake vimebadilishwa mara kadhaa.

Nendeni na ufunguo wa dramu, tochi ndogo yenye mwanga mkali, futi ya kupimia, rula ya chuma, penseli na karatasi ya daftari. Tafuteni sakafu ya vigae vya sentimita 60 kwa 60. Hata besi (dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu) ya inchi 22, ambayo ni kama sentimita 56, hukaa yote juu ya kigae kimoja. Kigae chenyewe kipimeni kwanza: simamisheni rula juu yake, urefu, upana na mshazari. Mwanga ukipita chini ya rula, kigae hicho kimepinda, tafuteni kingine.

Anzeni na tomu ndogo (tomu ni dramu za kupigwa kwa fimbo zisizo na nyaya chini). Legezeni bolti zote kidogo kidogo mkizunguka, msiilegeze moja hadi mwisho huku nyingine zimekaza, maana rimu, pete inayobana ngozi, hupinda kwa namna hiyo. Mkishaivua ngozi, pitisheni ncha ya kidole ukingoni polepole, mzunguko mzima. Kidole kisikwame wala kisizame popote. Panapobonyea, panapochomoza nyuzi za mbao au palipopigwa msasa ovyo, wekeni alama ya penseli kwa ndani. Kisha lazeni ukingo huo juu ya kigae, zimeni taa, ingizeni tochi ndani ya dramu, nanyi mtazame kwa nje macho yakiwa usawa wa sakafu. Uzi mwembamba wa mwanga mahali pamoja si neno. Karatasi ya daftari ikipenya hapo, ni kasoro ya kupunguzia bei. Ikipenya kadi ya benki, dramu hiyo msiihesabu katika bei kabisa.

Tunasisitiza ukingo kwa sababu ngozi hutoa sauti safi ikiwa imevutwa sawasawa na kugusa mbao pande zote. Palipo na pengo ngozi hulegea, mpigaji hukaza bolti ya hapo kupita kiasi, bolti za jirani nazo hupanda sauti, na mwisho wake ni dramu inayokoroma na kupoteza sauti baada ya wimbo mmoja. Kuchonga ukingo upya kunawezekana, lakini kunataka mashine ya kuchongea, meza iliyonyooka na fundi anayejua pembe inayotakiwa, ambayo kwa kawaida ni digrii 45. Fundi wa milango na madirisha, hata akiwa hodari, msimpe kazi hiyo kama jaribio lake la kwanza.

Mkifika kwenye snea, dramu yenye nyaya chini yake, angalieni upande wa chini. Huko mtakuta mwanga unapita mahali pawili panapotazamana, palipochongwa mabonde mafupi ya kupitishia nyaya. Hayo yamewekwa kiwandani, si kasoro. Mwanga ukionekana mahali pengine tofauti na hapo pawili, hiyo ndiyo kasoro.

Baada ya ukingo pimeni mviringo. Pitisheni futi katikati ya mdomo wa dramu kwa mistari minne tofauti. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika. Kuanzia 4 mwili umekuwa wa yai. Kipimo kingine hakihitaji futi: wekeni ngozi juu ya dramu bila rimu. Inapaswa kushuka kwa uzito wake na kuzunguka bila kusukumwa. Ikikwama, ama mwili umepinda, ama ganda la nje limebanduka karibu na ukingo na kuongeza unene. Miili mingi hupinda ikihifadhiwa bila ngozi na rimu huku imewekewa mizigo juu, kwa kuwa rimu na ngozi ndizo zinazosaidia kushika mviringo.

Sasa mulikeni ndani. Mwili wa dramu umetengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, na maji yakiingia, tabaka huachana. Gongeni kwa kifundo cha kidole mkizunguka: sauti iwe moja. Panapotoa mlio wa kupwaya gundi imeachia. Tafuteni pia madoa ya maji, harufu ya ukungu, na vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake, dalili kwamba wadudu wamebungua mbao. Mbao iliyobunguliwa msiingize kanisani kwa bei yoyote. Kuna viti na madhabahu humo.

Kwenye besi, chunguzeni mbao iliyo chini ya kishikizo cha tomu. Uzito wa tomu mbili ukivuta hapo kwa miaka, mwili hubonyea au kupasuka kuanzia kwenye matundu ya bolti. Angalieni pia pete ya mbao mahali pedali inapouma. Pakiwa pamesagika pedali itateleza, ingawa pete hubadilishwa bila shida kubwa.

Kisha hesabuni. Besi kwa kawaida huwa na bolti 8 kila upande, yaani bolti 16 na kucha 16 za kushikia pete. Tomu za inchi 12 na 13 huwa na bolti 6 kila upande. Kila bolti izungusheni kwa vidole bila ufunguo. Ikiingia kwa ulaini hadi karibu na mwisho, uzi ni mzima. Ikiingia kwa upande au ikigoma baada ya mizunguko miwili, kuna mtu aliyeilazimisha na nati ya ndani ya lagi (kishikizo cha bolti kilichofungwa kwenye mwili wa dramu) huenda imekatika uzi. Nati hiyo mara nyingi hutoka na kubadilishwa. Lagi iliyopasuka yenyewe ni shida zaidi, kwa sababu nafasi ya matundu yake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Rudisheni ngozi. Kazeni bolti zote kwa vidole, kisha nusu mzunguko kwa ufunguo, mkivuka kutoka bolti moja kwenda iliyo mkabala nayo. Gongeni kwa fimbo sentimita 3 kutoka kwenye rimu, mbele ya kila bolti. Sauti zikikaribiana baada ya kurekebisha kidogo, dramu ni nzima. Bolti moja ikibaki chini daima, rudini kwenye alama zenu za penseli. Na jambo hili lifanyeni mwanzo kabisa: ondoeni nguo, sponji na utepe uliobandikwa juu ya ngozi. Vitu hivyo huua mlio mrefu, na pamoja nao huficha mikoromo yote. Huenda hiyo ndiyo sababu ukumbini "inasikika vizuri".

SWALI: Krashi (toazi la kupigia mkazo) ya inchi 16 ina ufa wa kama sentimita 2 ukingoni. Muuzaji anasema fundi wa gesi ataunga kwa dakika tano. Nikubali? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usikubali. Matoazi ya daraja la juu hutengenezwa kwa shaba na bati, mara nyingi asilimia 80 kwa 20, mchanganyiko unaoitwa B20. Ukipashwa moto sana kisha ukaachwa upoe polepole, huwa mgumu na wepesi wa kuvunjika. Ndiyo maana viwandani toazi huzimwa ghafla kwenye maji kabla ya kufuliwa kwa nyundo. Moto wa gesi huharibu kazi hiyo yote mahali unapogusa. Ufa utaungwa, kisha toazi litapasuka pembeni ya kiungo, na mlio utakuwa umekwisha kufa.

Ufa mfupi unaoelekea katikati unaweza kucheleweshwa kwa kutoboa kitundu cha milimita 3 pale hasa unapoishia, au kwa kukata kipande chote kwa umbo la nusu duara na kulainisha kingo zake. Hiyo ni kuongeza muda tu. Ufa unaofuata mistari ya duara iliyochorwa usoni mwa toazi ni mbaya zaidi, kwani hauna mahali pa kusimama. Toazi la hivyo lihesabu sifuri.

Kukagua: ning'iniza toazi kwa kidole kilichopita kwenye tundu, ligonge taratibu kwa ukucha pande zote za ukingo. Toazi zima hulia muda mrefu na sauti hufifia kwa utulivu. Lenye ufa hutoa mkwaruzo mkavu na kunyamaza mapema. Pitisha ukucha ukingoni juu na chini. Ilaze tochi kwa pembeni ili kivuli kionyeshe nyufa nyembamba kwenye kuba la katikati. Tundu nalo litazame: likiwa limerefuka upande mmoja, toazi lilipigwa miaka mingi bila mpira wa kulitenganisha na chuma cha stendi. Tundu lililorefuka kidogo linavumilika. Likianza kuzaa ufa, hapana.

Uliza pia madini. Seti nyingi za kuanzia huja na matoazi ya shaba na zinki, ya manjano, yenye mlio mfupi wa sufuria. Hayo huhesabiwa kama nyongeza tu. B8, yaani shaba asilimia 92 na bati 8, hutumika kwenye matoazi ya bei nafuu, lakini usiidharau kwa jina: kampuni ya Paiste hutengeneza safu yao iitwayo 2002 kwa mchanganyiko huo, na ni matoazi ya wataalamu. Maandishi ya wino yaliyofutika hayapunguzi sauti. Kwenye matoazi ya kampuni ya Zildjian ya safu ya A na K tafuta muhuri uliogongwa ndani ya chuma chenyewe. Wino peke yake mtu yeyote anaweza kuuchapa.

SWALI: Hapa pwani kila chuma kinashika kutu. Nitajuaje kutu ya kawaida na kutu ya kukimbia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sugua kwa kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kilicholoweshwa maji. Kutu ya juu ya kromu itatoka na chuma kitang'aa tena. Vitabaki vidoadoa vidogo ambavyo ni sura tu. Kutu inayobanduka kwa magamba imekwisha kula kromu, na hapo swali ni chuma chenyewe kina kazi gani. Kwenye mguu wa stendi, vumilia. Kwenye uzi wa bolti, ndani ya bomba la haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) au kwenye springi ya pedali, usivumilie.

Snea ya chuma ifungue na umulike ndani, hasa kwenye mstari ulioungwa na chini ya lagi. Huko ndiko chumvi hukaa. Bolti zinazogoma ziwekee tone la mafuta ya cherehani, subiri, kisha jaribu kwa vidole. Usipulizie mafuta ya kopo karibu na mbao. Yakinywewa na ukingo hayatoki.

Kwa pwani tunaona mbao ndiyo ya kuogopwa kuliko kutu. Seti iliyolala stoo ya mabati, mchana joto na usiku unyevu, gundi yake na ya ganda la nje huchoka mapema. Vipimo vya ukingo na mviringo tulivyowaeleza wa Morogoro, wewe vifanye mara mbili.

SWALI: Snea niliyoijaribu inakoroma hata ninapopiga tomu. Ni mbovu? (Mwanafunzi wa muziki, Bukavu)

JIBU: Mkoromo wa mbali si ugonjwa. Nyaya za snea huitikia sauti ya tomu iliyo karibu, hasa zikikaribiana sauti. Badilisha kidogo ukazaji wa tomu au wa ngozi ya chini ya snea, utapungua. Kasoro za kweli ni hizi: fungua mkono wa pembeni, nyaya zishuke kabisa bila kubaki zikigusa ngozi, funga, zipande zote kwa usawa. Seti ya kawaida ina nyaya 20. Moja ikipinda tu, mkoromo hautaisha kwa kukaza, lakini unaweza kuikata pande zote mbili na zilizobaki zikafanya kazi. Ngozi ya chini ni nyembamba mno, sehemu 3 kati ya 1,000 za inchi, wakati ya juu ya tabaka moja huwa kama sehemu 10 kati ya 1,000. Ukikuta mtu ameweka ngozi ya juu upande wa chini, umepata sababu, na dawa yake ni ngozi mpya tu. Gonga taratibu sana katikati, kisha pembeni. Nyaya zisipojibu kwa mguso mdogo, angalia yale mabonde mawili ya chini na unyofu wa rimu.

SWALI: Ngozi zote zimechoka, pedali inalia, na tomu moja haina kishikizo. Nipunguze bei kiasi gani? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Usitoe asilimia kwa kukisia. Andika orodha, upige simu dukani uulize bei ya kila kitu, ndipo uende kuzungumza. Seti ya dramu tano ina ngozi 10: mbili za besi, sita za tomu tatu, mbili za snea. Si lazima zote. Zinazopigwa ni 5, na hizo zihesabu kama za kununua hata muuzaji akisema bado nzuri; ngozi yenye mashimo ya fimbo hairudi. Za chini zikiwa hazina mikunjo wala tundu, zitaendelea. Ya mbele ya besi huishi muda mrefu kuliko zote.

Pedali inayolia huenda inataka mafuta tu. Ishike ekseli uitikise kushoto na kulia: ikicheza, beringi au bushi zimeisha. Tazama mnyororo au mkanda, bawaba ya kisigino, na kibano kinachouma pete ya besi.

Kishikizo cha tomu ndicho kitakachokutesa. Pearl hutumia bomba nene la milimita 22 linaloingia ndani ya tomu, Yamaha hutumia fimbo ya pembe sita, Tama fimbo ya duara iliyokunjwa. Cha mmoja hakiingii kwa mwingine. Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha tundu na uhakikishe kuna mahali utakapokipata. La sivyo, bei ya tomu hiyo iwe ya dramu isiyo na kazi. Wengine hutoboa mwili upya ili kufunga kishikizo cha kampuni nyingine. Mwili uliotobolewa bado utalia, ila thamani yake ukija kuuza huwa imeshuka, na wewe unayenunua una haki ya kulitaja hilo.

Kwenye stendi, kaza kila kiungo kisha ubonyeze kwa nguvu kutoka juu. Bomba likishuka, kipande cha plastiki kilicho ndani ya kiungo kimekufa au uzi wa nati umeisha. Haihati ipigwe kwa mguu mara nyingi mfululizo: fimbo ya kati iwe imenyooka, na kibano kinachoshika toazi la juu kisifunguke chenyewe.

Kagua pia kama dramu zote ni za seti moja. Linganisha rangi ya mbao kwa ndani, umbo la lagi na kibandiko cha jina. Mchanganyiko unaweza kulia vizuri kabisa, na kwa mazoezi hauna ubaya; lakini asikuuzie kwa bei ya seti kamili.

SWALI: Nimepata dramu za umeme zilizoagizwa kutoka Japani. Kanuni ni zile zile? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hapana. Hapa unakagua umeme. Kwanza soma kibandiko cha adapta kabla ya kuichomeka: Japani hutumia volti 100, nasi 230. Adapta iliyoandikwa 100 pekee itaungua papo hapo. Iliyoandikwa 100 hadi 240 ni salama. Ukinunua nyingine, linganisha volti, ampea na alama inayoonyesha kama katikati ni chanya au hasi. Alama hiyo ikigeuzwa, kifaa kikuu huweza kufa.

Kisha vaa spika za masikioni ugonge kila pedi katikati, pembeni na kwenye rimu, kwa nguvu kidogo na nguvu kubwa. Sauti ifuate mkono. Gonga pedi moja huku ukisikiliza nyingine zisijibu. Hamisha waya wa pedi isiyolia uuweke kwenye pedi nzima: tatizo likihama na waya, waya ndio mbovu, na huo ni wa bei ndogo. Likibaki kwenye pedi, kihisio ndicho kilichokufa. Pedi zote zikilia vibaya kupitia tundu moja la kifaa kikuu, usinunue, maana kifaa hicho ndicho chenye gharama kubwa kuliko vyote vingine kwenye seti. Pedali ya haihati ijaribu ikiwa wazi, nusu na imefungwa. Ile ya nusu ndiyo huanza kuharibika. Zungusha vitufe vya sauti ukiwa umeunganisha na spika kubwa, kwa kuwa mkwaruzo wa kitufe kilichochakaa hausikiki vizuri kwenye spika ndogo za masikioni.